Mkono Niliouinua Uani

Mume wangu ni fundi redio. Wateja humwita Fundi, mimi humwita Baba Watoto ingawa watoto wenyewe wamekwisha hama na kutuachia nyumba, na kwenye kundi lake la simu wanamwita Sikio. Jina hilo alilipata kwa haki. Redio ikinguruma mlangoni mwa duka, alikuwa akikutajia kipuri kilichokufa kabla hujaiweka mezani. Mimi nikimsengenya jikoni kwa kunong'ona na dada yangu, yeye huko dukani anajibu.

Kundi lenyewe ni la watu thelathini na kitu wenye ugonjwa mmoja wa kutazama juu. Alilianzisha Mwalimu, mzee mstaafu aliyekuwa akifundisha fizikia. Wanatumiana walichokiona huko nje: pete kubwa kulizunguka jua, kunguru mwenye bawa moja jeupe, nyuki waliohamia kwenye sanduku la barua. Kuna muuguzi mmoja ambaye hawezi kutoka zamu bila kumpiga ndege picha. Siku moja kisanduku cha kupimia hali ya hewa kilituangukia juu ya bati kikiwa na puto lililopasuka, na mume wangu akatembea kifua mbele wiki nzima kana kwamba yeye ndiye aliyekiita.

Lakini raha yao kubwa ni kusikiliza setilaiti. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilidhani ananichezea. Kumbe huko juu kuna visanduku vidogo, vingine havizidi mkate, vinapita juu yetu mara kadhaa kwa siku vikilia pi, pi, pi. Ukiwa na redio ndogo na antena ya mkononi, unavisikia kwa dakika chache, unaandika saa ya kwanza na ya mwisho, unawapelekea wenyewe. Antena ya mume wangu ni bomba la plastiki lenye vipande vya tepu ya chuma ya kupimia. Alikata tepu mbili, na moja ilikuwa ya seremala jirani, ambaye hadi leo anaitafuta.

Wanafunzi wa chuo cha ufundi walitengeneza setilaiti yao wakaiita Kinda. Iliporushwa, siku mbili zilipita kimya, na walimu wao wakaanza kuwapa pole. Siku ya tatu mume wangu alisimama uani kwetu, katikati ya nguo nilizoanika, akamsikia. Hafifu, lakini alikuwa yeye. Walimletea cheti chenye fremu, kimeandikwa "Wa Kwanza Kumsikia Kinda", akakitundika juu ya meza yake ya kazi. Anakifuta vumbi kila asubuhi. Kabati langu la vyombo hajaligusa tangu tuoane.

Halafu masikio yakaanza kumfia. Redio zilirudi: "Fundi, bado inanguruma." Akawa anatabasamu na kujibu maswali ambayo hakuulizwa. Cherehani yangu iko upande wa pili wa duka hilohilo, ananitazama usoni, kwa hiyo nikawa narudia maneno ya wateja kwa midomo tu, bila sauti, naye akiyasoma. Daktari alituambia mishipa ya kusikia inakufa, na kwamba vifaa vya masikioni havitasaidia. Nilimwandikia mume wangu maneno hayo kwenye bahasha ya hospitali. Akasema ameelewa, ni kama kuongeza sauti kwenye redio ambayo spika yake imekatika. Kwenye foleni ya dawa kuna mtu alinitupia utani kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Nilikuwa na mkoba wenye pasi ndani, niliyotoka kuichukua kwa fundi umeme. Ana bahati.

Siku kumi na moja alilala ameelekea ukuta. Hakunyoa, hakufungua duka. Nikimgusa bega, ananiambia, "Niache. Mimi nilikuwa masikio tu. Sasa nimebaki nini?" Niliogopa kumwacha peke yake hata kwenda kisimani, na nilificha dawa zote za nyumba kwenye sanduku langu la vitambaa. Sikumwambia mtu, kwa sababu alinisihi nisiseme. Wakijua, alisema, nimekwisha.

Siku ya kumi na mbili nilichukua hedifoni zake nikavaa mimi. Nikamwonyesha kwa ishara: wewe shika antena, mimi nitasikia. Mlio wa kwanza ukiingia nainua mkono. Ukipotea nashusha. Wewe unaandika. Kinda alipopita asubuhi ile na mkono wangu ukapanda, mwanamume huyu mzima alilia akiwa ameshika antena yake ya wizi.

Tulifanya hivyo mwaka na miezi minne. Sikuwa na elimu ya redio, lakini nilijifunza kumtambua Kinda ndani ya kelele kama unavyomtambua mwanao akikohoa darasani. Alikuwa anakuja na sauti nyembamba, akipita inashuka kidogo kidogo. Mlio hafifu namna ile hautikisi hata mstari mmoja wa kupimia nguvu kwenye kioo cha redio, ni sikio tu linaloukamata. Daftari likajaa mistari mia mbili na kumi na moja, kundi likaendelea kumsifu Sikio, naye akarudi kunyoa ndevu na kunidai chai. Tukafa na tai shingoni.

Kisha Mwalimu akaandika kwenye kundi kwamba Kinda amechoka. Setilaiti ndogo hushuka kila siku kidogo hadi zinaungua angani, na zamu yake ilikuwa imebakiza siku chache. Wanafunzi walitaka kujua saa yake ya mwisho ili waandike kwenye utafiti wao, hivyo kila taarifa ilikuwa muhimu. Mume wangu aliusoma ujumbe ule mara tatu, akanigeuzia simu. "Nilikuwa wa kwanza," akasema kwa ile sauti yake ya siku hizi isiyojua kama ni kubwa au ndogo. "Nataka niwe wa mwisho. Baada ya hapo sitaki kitu kingine."

Lile "sitaki kitu kingine" halikunipendeza hata kidogo.

Siku ile Kinda alitarajiwa saa nne na dakika kumi na saba asubuhi. Mume wangu alivaa shati la kutokea. Nikavaa hedifoni. Kelele tupu, kama mafuta kwenye kikaango. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Alikuwa akiizungusha antena taratibu, macho hayatoki kwenye mkono wangu. Nilifunga macho nikasikiliza kwa roho yangu yote. Hakuna. Nilipoyafumbua, niliuona uso wa yule mtu aliyelala siku kumi na moja ameelekea ukuta. Ulikuwa unarudi mbele yangu.

Nikainua mkono. Nikahesabu moyoni hadi mia, nikaushusha.

Aliandika kwa herufi kubwa, akatuma. Kundi likalipuka. Wanafunzi wakapanda juu ya paa la chuo kumsubiri Kinda mchana, wakamkosa, wakamsubiri tena jioni. Muuguzi aliandika kwamba yeye hakusikia kitu saa ile, lakini kama Sikio amesikia basi antena yake ndiyo mbovu, na ameifungua yote anaanza upya. Nilisoma hayo nikashona mkono wa shati kwenye kola. Mume wangu alikuwa anapiga mluzi, mluzi usio na wimbo, lakini mluzi. Ningemwambia vipi? Njia ya mwongo ni fupi, nilijua, ila nilidhani walau itafika wiki.

Siku ya tatu Mwalimu alikuja mwenyewe. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka kofia magotini. Hakuja kugomba, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alieleza polepole, huku mume wangu akiifuata midomo yake, kwamba wanaofuatilia mambo ya angani wametoa taarifa. Kinda aliungua saa tisa usiku, mbali sana na hapa, kabla ya asubuhi ile. Wanafunzi hawajui waandike nini. Huenda Fundi alisikia setilaiti nyingine akafananisha. Alikuwa anampa mlango wa kutokea, yule mzee, mlango mpana kabisa.

Mume wangu alinitazama. Sikuweza kumtazama. Hapo akajua.

Nilisimama. "Mwalimu, ni mimi..."

Mume wangu akainua mkono kuninyamazisha. Aliuinua namna ile ile nilivyokuwa nikiinua wangu.

"Sikusikia kitu, Mwalimu," akasema. "Nilibuni. Sisikii tangu mwaka juzi. Waambie wanafunzi wafute jina langu."

Mwalimu aliichukua kofia yake magotini. Akasema kundi ni la wanaoona pia, macho bado anayo, asiwaache. Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Akakitoa cheti ukutani, akakifungia kwenye gazeti, akampa.

Tulipobaki wawili aliniuliza, "Mara ngapi?"

Nikainua kidole kimoja. Mara moja. Ile tu. Nilitamka kwa midomo, nikaandika kwa chaki ya kushonea juu ya meza, nikaapa kwa watoto wetu. Alikitazama kidole changu kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama noti ambayo hana njia ya kujua kama ni halali. Na kweli hana njia. Ningesema mara hamsini, angejua vipi? Alifungua daftari, akachukua rula, akapiga mstari juu ya kila ukurasa wa mwaka ule na miezi ile minne. Mia mbili na kumi na mbili. Nilikuwa nimezisikia zote isipokuwa moja, nikakaa nikazitazama zikifutwa.

Jana niliamua kwenda uani peke yangu. Kuna setilaiti nyingine, kongwe, inayopita saa tano kasorobo. Nilishika antena mwenyewe, hedifoni masikioni, nikaigeuza kuelekea alikonifundisha. Ikaingia, safi, nyembamba, inalia. Nikageukia dirisha la duka ambako alikuwa amekaa, nikainua mkono juu kabisa hadi bega likauma.

Aliniona. Akalitazama jedwali la nyakati za setilaiti ukutani, kisha saa, kisha mkono wangu. Kalamu ilikuwa mbele yake.

Hakuigusa.