Vigelegele Vilivyoandikwa Kuwa Ridhaa

Maji yamekupwa. Adija Mbaruku amesimama majini hadi magotini, kusini kidogo ya Mbegani, anafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Mikono inafanya kazi, na mdomo pia. Anasimulia, na wenzake wanamkosoa.

"Umeruka pilau!" anapaza sauti Nadhira, jirani yake wa shamba.

"Pilau naifikia. Tulia, shoga."

Si porojo za kusukuma siku. Jumatatu Adija, mwenye miaka 54, atatoa ushahidi mbele ya baraza linalosikiliza rufaa ya wanawake hawa. Wanapinga kibali cha kampuni ya hoteli inayotaka kuchimba njia ya boti papa hapa zilipo kamba zao. Kilo ya mwani mkavu haifiki hata shilingi elfu moja, lakini ndiyo iliyomjengea nyumba baada ya mume kufariki.

Mwaka juzi, wataalamu waliotumwa na kampuni walifika kijijini kukusanya maoni ya wananchi. Wanawake wakawapokea kama wanavyompokea mgeni yeyote: vigelegele, pilau, madafu. Walipoulizwa kuhusu mradi, wakajibu, "Inshallah, kheri." Nani amkatalie mgeni hata mikono hajanawa? Pingamizi lao walilipanga kwa siku ya pili. Wageni hawakurudi.

Ripoti ikaandika kwamba wananchi waliupokea mradi kwa shangwe na kuuridhia. Kibali kikatoka.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," anasema Adija, akikaza fundo kwa hasira. "Hawa wamekuja, wenyeji ndio tunaumwa."

Ni aibu, na iitwe aibu. Adabu ya Pwani imegeuzwa saini.

Wakili wao, Evarista, mzaliwa wa Miono, anasema vipimo vya kitaalamu vya maji ya hapa anavyo kama ushahidi, ila havitoshi. "Sheria inataka wananchi wasikilizwe. Kama walisikilizwa au la, kipimo hakisemi. Atasema aliyekuwepo, tangu salamu mpaka wageni walipopanda gari."

Hata hivyo, wawili hao walikwaruzana. Evarista alimshauri mama huyo alie kidogo mbele ya baraza.

"Nikamwambia, mwanangu, mimi sijafiwa, nimeibiwa," anasema Adija. "Aliyeibiwa hupiga kelele."

"Nikasalimu amri," anacheka wakili.

Wakishinda, Adija anataka kikao kipya cha maoni kifanyike hapa ufukweni, maji yakiwa yamekupwa, kila mtu aone kinachochimbwa ni nini. Chakula hakitapikwa. "Waje wameshakula kwao," anasema, na wenzake wanaangua kicheko.

Yeye hacheki. Anajua mwandishi wa baraza ataandika ushahidi wake, kisha atampa karatasi atie saini.

"Safari ile waliandika wakaondoka. Jumatatu watanisomea, neno kwa neno, mbele ya watu. Nikisikia tumeridhia, siweki saini. Naanza kusimulia upya."