Unga Juu ya Rejeta

Juzi gari langu lilichemka karibu na mtaa wa Juba Na Bari, hapa Juba, jua likiwa utosini. Mshale wa joto ulipanda polepole, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo, kisha mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti. Nikazima injini, nikashuka, nikakaa kwenye kivuli cha ukuta wa mtu kungoja ipoe. Sikuwa na haraka. Kusema kweli, siku hizi sina haraka ya chochote. Nilikuwa nimeshajiambia kimoyomoyo: gari hili likifa, na mimi nafunga virago, narudi nyumbani Busia. Hapo upepo ukaniletea harufu ya chuma cha moto, mpira na kutu iliyochemka, na kabla sijajua niko mtaa wa Malakia tena, mtoto, nimesimama kando ya lori la baba nimeshika chekecheo la unga la mama.

Baba alikuwa na lori la maji. Alilijaza mtoni asubuhi, kisha akazunguka mitaani akijaza mapipa ya watu. Honi yake tuliijua kwa mbali, na tukiisikia tulijua kuna pipa linalongoja kufunguliwa, na mama wa nyumba anayelalamika kwamba jana lilijazwa nusu. Mama yangu alipika chapati za kuuza mbele ya nyumba. Upande wa pili wa ukuta aliishi bibi mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita haboba, yaani nyanya. Alipika kisra, mkate mwembamba wa mtama, na harufu ya ule uji mchachu ukitandazwa juu ya bati la moto ndiyo iliyoniamsha kila siku. Kingo zilizokauka alinipa mimi. Nilizila njiani nikienda shule, mkoba begani, vumbi likiwa bado halijaamka.

Shida ilianza kiangazi kimoja. Lori lilianza kupoteza maji ya injini, na hakuna aliyejua. Utashangaa: litapoteza vipi maji na watu wasione? Lakini hebu fikiria. Lori la maji limelowa chini mwaka mzima. Bomba la tangi linadondosha, mpira wa kujazia unadondosha, mapipa yanafurika. Tone moja la rejeta utalijulia wapi? Isitoshe, dereva mwingine angehangaika kuomba maji njiani, akachoka, akajiuliza yanakwenda wapi. Baba alikuwa na tangi zima mgongoni. Rejeta ikipungua alifungua bomba, akajaza debe, akasubiri ipoe, akamimina, safari ikaendelea. Mtu mwenye maji mengi kiasi hicho hawezi kuyahesabu.

Mpaka lori likaanza kuchemka hata baada ya kujazwa. Baba akawa anarudi nyumbani mapema, amenuna, mapipa ya watu hayajajaa. Na mama alikuwa ameshasema neno lake. Alilisema kwa upole akikanda unga, bila kuinua macho: "Baba watoto, lori hili likisimama, mimi na watoto tunapanda basi turudi Busia." Alikuwa amechoka. Amechoka na joto, na vumbi kwenye unga, na kusikia misiba ya kwao kwa simu. Sikuelewa uchovu huo wakati ule. Nilielewa kwamba basi likiondoka, haboba atabaki, shule itabaki, na baba pia huenda akabaki peke yake na lori lake bovu. Kwa hiyo kila nilipoambiwa nisali kabla ya kulala, niliiombea injini.

Jumapili moja baada ya kanisa akaja fundi, Mganda mnene mcheshi aliyetengeneza malori ya bandarini. Alichungulia, akapapasa, akakuna kichwa.

"Mzee, mimi iko naogopa gaskiti," akasema. "Maji naingia, maji napotea, na mimi hapana ona mahali."

"Chini kumelowa kila siku. Utaona nini?" baba akamjibu.

Gaskiti ikiungua, maji hupenya ndani ya injini. Kuirekebisha ni lazima kichwa cha injini kifunguliwe, vipuri viagizwe Kampala, na lori likae kwenye mawe hata mwezi. Baba alijua. Mama alijua zaidi. Lakini fundi hakuwa mtu wa kukurupuka. Akachomoa kijiti cha oili, akatuonyesha: maji yakiingia kwenye oili, inageuka rangi ya chai ya maziwa. Hii ilikuwa nyeusi. Akamwambia baba awashe, akautazama moshi wa ekzosi, haukuwa mweupe. "Labda gaskiti," akasema, "labda hapana. Hii gari naficha siri."

Mama akaja kutoka jikoni, mikono imejaa unga. "Kama si ndani, basi ni nje," akasema. "Na kama ni nje, kuna mahali panaloa. Unga ukikutana na maji haunyamazi." Akanituma chekecheo.

Tangi likamwagwa, injini ikafutwa kwa matambara mpaka ikakauka, rejeta ikajazwa na kufungwa. Baba akaiwasha, ikanguruma mpaka ikapata moto. Mama akainama, akachekecha. Feni ikaupokea unga wote na kuturudishia usoni.

Haboba alikuwa ukutani akitazama. Akapiga makofi. "Wallahi, leo mnapika lori! Chumvi mmetia?"

"Haboba, malesh, tusamehe, njoo utuonjee!" fundi akamjibu, kope zake nyeupe kama za mzee.

Baba hakucheka. Aliutazama unga uliomwagika, unga wa chapati za kesho, akasema inatosha. Mama akajifuta macho kwa kanga. "Izime," akasema. "Izime sasa hivi, ikiwa bado ya moto."

Na hapa ndipo jambo lenyewe lilipo, ewe rafiki yangu, likikukuta usihangaike. Injini ikishapata moto, maji ndani yake yanasukuma. Ukiizima, feni inasimama lakini msukumo unabaki kwa muda. Huo ndio wakati wa kutazama. Usiguse kifuniko cha rejeta, kitakuunguza uso. Tazama tu.

Mama akachekecha mara ya pili, taratibu, kama anayenyunyizia meza kabla ya kusukuma chapati. Mipira ikawa myeupe, pampu ikawa nyeupe. Nilitazama mpaka macho yakaniuma. Kisha, chini kabisa, pale mpira wa chini unapobanwa kwa klipu, weupe ukageuka kijivu. Ukavimba. Likawa donge dogo, kama lile linalobaki kidoleni ukishamaliza kukanda.

"Kumbe!" fundi akapiga paja. "Mama iko na jicho!"

Ilipopoa aliufungua mpira. Ulikuwa umepasuka chini ya klipu yenyewe, mahali pasipoonekana, kwa sababu baba alikuwa akiikaza kila wiki akidhani anausaidia. Fundi akaikata ncha iliyopasuka, akaurudisha mpira mahali pake, akaikaza klipu kwa kiasi. Yale maji ya mtoni yaliyotoka yalikuwa na tope kama uji. Akatuambia tuweke yaliyochujwa. Kazi ikaisha kabla chai haijapoa.

Jioni ile baba alimuuliza mama, akiwa ameketi kwenye kigoda: "Si wewe uliyetaka kwenda?"

"Bado nataka," mama akasema. "Lakini siku nikiondoka nitaondoka kwa sababu nimechoka. Siondoki kwa sababu ya mpira."

Tulikaa miaka mingine mingi. Walipoondoka, waliondoka lori likiwa zima, wameketi wote wawili kwenye basi la asubuhi. Mimi niliondoka nao, nikarudi baadaye kufundisha. Haboba amekwishafariki, na pale alipotandazia kisra pana duka la simu linalopiga muziki kutwa. Malori ya maji yapo bado, lakini honi zote naona zinafanana. Hakuna anayeniamsha kwa harufu.

Jana, kabla ya kumpigia fundi, nilifuta injini yangu, nikajaza maji, nikaiwasha mpaka ikapata moto. Nikazima. Nikachekecha unga. Nitakwambia ukweli: nilikuwa natumaini nisione kitu. Nilitaka ubovu uwe ndani, mkubwa, usiotengenezeka, nipate la kuwaambia watu shuleni, na la kumwambia mama. Nikangoja. Kwenye mpira wa juu, karibu na klipu, weupe ukageuka kijivu, ukavimba.

Nililitoa lile donge kwa kidole, nikalisugua mpaka likakauka na kudondoka. Mpira utakatwa ncha, gari litakwenda. Uchovu wangu umebaki palepale, na sasa hauna gari la kusingizia.