Samaki wa Nyumba Mbili

Kila nikifungua chupa ya siagi ya njugu na ile harufu ya kukaangwa ikanipata puani, namkumbuka samaki wangu mwekundu.

Baba mdogo alituletea madume wawili wenye mapezi marefu kama leso. Mwekundu alikuwa wangu. Wa buluu alikuwa wa kaka yangu, mtoto wa mke wa kwanza wa baba, ambaye nilimwita mama mkubwa. Baba aliwatia wote katika tangi moja la kioo, sebuleni kwake.

"Hapa hakuna nyumba hii na nyumba ile," alisema. "Wote ni wangu."

Chai ilikuwa haijapoa samaki walipovimbisha mashavu na kuanza kuraruana. Vipande vya mapezi vilielea juu kama maganda ya kitunguu. Kaka yangu alilia, mimi nikalia zaidi. Baba aligonga kioo kwa kidole, akiwakemea.

Mama mkubwa alimtazama mama, kisha akamgeukia baba. "Mzee, hata sisi ulitujengea kila mtu jiko lake."

Mama aliinuka. Alienda jikoni kwake, akamimina siagi yote ya njugu bakulini, akaisugua chupa kwa majivu na kumhamishia samaki wangu humo. Yule wa buluu alienda kukaa dirishani kwa mama mkubwa.

Tulipoenda Karungu kumzika baba yake mama, mama mkubwa ndiye aliyevuka uwanja kila asubuhi kumlisha yule mwekundu. Alimlisha kwanza, kabla ya wa buluu.