Nilipeleka maabara maji ya mgeni badala ya maji ya kisima

Wakuu, heshima kwenu. Wale mnaotaka kuniamkia kwa sababu ya umri wangu, marahaba, tuendelee.

Ninachoandika hapa hakina chumvi. Sehemu mbaya ya kisa hiki niliifanya mimi mwenyewe, kwa hiyo sina faida ya kudanganya.

Juzi mdau mmoja kaweka humu uzi wa tafiti mpya. Kuna watu wanatengeneza chuma kisichoshika kutu kirahisi, wengine wanakokotoa kwa kompyuta maji ya mafuriko yatapita wapi (sisi wa Kilosa hiyo tunaisubiri kwa hamu), wengine wanachunguza sikio linavyokamata maneno penye kelele, wengine bakteria.

Wachangiaji wakagawanyika. Nusu wanaamini kila kitu, nusu wanasema tafiti zote ni usanii. Mimi nikasoma, nikanyamaza, maana nina kesi yangu.

Iko hivi.

Miaka ya sabini, enzi za vijiji vya ujamaa, nilikuwa msaidizi kwenye timu ndogo ya utafiti wa maji pale Kilosa. Mkuu wetu alikuwa mama wa makamo, mtaalamu wa vidudu, tukimwita Daktari. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini na Land Rover, kujaza chupa maji ya visima, kuzipanga kwenye kasha la barafu na kuziwahisha maabara. Kisima kikikutwa na vidudu, kijiji kinaambiwa kichemshe maji, na kinaandikiwa kuchimbiwa kingine.

Daktari alitufundisha jambo moja, akalirudia hadi tukalichoka. Chota mwenyewe, usimtume mtu.

Basi siku hiyo nikafika kijiji kimoja chini ya milima ya Vidunda. Watu wake walikuwa hawajamaliza hata mwaka pale, wamehamia kutoka kwenye mashamba yao ya mlimani. Mimi kijana wa miaka ishirini na tatu, nina viatu vipya vyeusi, na njia ya kisimani ni tope tupu. Mwenyekiti wa kijiji ameshanitengea kiti, na kuku anachinjwa.

Nikamwita mama mmoja aliyekuwa anapita na mtoto mgongoni. Mama Zuhura.

"Shikamoo mama. Naomba unijazie maji kwenye chupa hii, usiguse mdomo wake kwa ndani."

"Marahaba baba. Ya kuondoka nayo?"

"Ndiyo, nakwenda nayo mjini."

Hayo tu. Sikumwambia achote kisimani, sikumwambia maji ni ya nini. Niliona mtu wa ofisi kama mimi sina haja ya kumweleza mama wa kijijini. Ndivyo nilivyokuwa, wakuu.

Alichelewa sana. Nilimaliza wali, nikanywa chai, nikaanza kununa kwamba kisima kiko palepale na mtu harudi. Aliporudi jasho linamtiririka, nikapokea chupa bila kuuliza neno. Kwenye lebo nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: kisima cha kijiji.

Majibu yakatoka safi. Nikarudi kuyasoma mkutanoni, nikapigiwa makofi.

Redio wakati ule ilikuwa inahimiza watu wachemshe maji ya kunywa, na akina mama wa pale walikuwa wanachemsha kweli, kuni wakizifuata mbali. Nikawaambia kisima chao hakina tatizo. Wakaacha kuchemsha, na ni nani angewalaumu.

Wiki chache baadaye nilipita tena kwa shughuli nyingine. Mama Zuhura alikuwa amesimama barabarani akitafuta gari lolote. Zuhura, yule mtoto aliyekuwa mgongoni, alikuwa anaharisha siku ya tatu. Macho yameingia ndani, analia bila machozi. Dereva aligeuza gari kuelekea hospitali kabla sijamwambia.

Njiani, sijui ni kwa adabu zake au kujiondolea mawazo, yule mama akaniuliza, "Yale maji niliyokupa, baba, yalifika vizuri?"

Nikamjibu yalifika.

"Niliyafuata kule kwetu tulikohama, kwenye chemchemi. Haya ya kisimani yana tope. Nikasema mgeni wa watu atasafirije na maji kama haya?"

Mama huyu alipanda mlima na mtoto mgongoni ili asinivunjie heshima. Na mimi nikasimama mbele ya kijiji chake nikatangaza kisima ni salama.

Sikumwambia kitu garini. Niliogopa, wakuu, na niliogopa kazi yangu pia, sitaki kujisafisha.

Zuhura aliwekewa dripu. Tulikaa kwenye benchi na mama yake mchana kutwa, mimi nikimwomba Mungu mtoto asife, sehemu kwa ajili ya mtoto na sehemu kwa ajili yangu. Kesho yake akanyonya. Mama yake akanigeukia akanishukuru kwa lifti, machozi yanamtoka.

Shukrani ile ndiyo iliyonishinda. Nikamweleza yote palepale. Akasema, "Ungeniambia tu, baba."

Kwa Daktari nilikwenda nimejiandaa kufukuzwa. Hakupiga kelele. Alifungua daftari la chupa zote akaniuliza, "Na hizi, ulichota wewe?" Nikamwonyesha kwa kidole vijiji vinne nilivyotuma watu. Akavikata kwa kalamu kimoja kimoja, kazi ya miezi.

Tukarudi kote kuuliza. Kwenye kijiji kingine nako akina mama walifuata maji ya mtoni yaliyo mazuri zaidi. Kingine mama mmoja aliyachemsha, akayapoza, akayachuja kwa kanga safi ndipo akanijazia. Tulidhani tunapima maji, kumbe tulikuwa tunapima ukarimu.

Kazini Daktari alinibakiza. Alisema msaidizi mpya angelazimika kukaribia kuua mtoto wa watu kwanza ndipo ajifunze.

Mnaotaka somo ni hili. Utafiti si usanii, na si msahafu. Kabla ya mashine na hesabu kuna mtu aliyetumwa, na huyo mtu ana aibu zake na adabu zake. Mweleze kazi ni ya nini, kwa heshima. Wenye visa vya kukusanya data, hata vile vya kuficha, wekeni hapo chini, sitamcheka mtu.

Ila siku niliyokwenda kukiri kijijini kwa Mama Zuhura haikuishia kwenye mkutano.

Tulishuka kisimani na Daktari, tope hadi kwenye vifundo. Nikashika kamba ya ndoo. Mama Zuhura akaitoa mkononi mwangu.

"Mgeni hateki maji," akasema.

Daktari akanipa ishara nimwache, ila nisibanduke. Mama akateka, akajaza chupa taratibu bila kugusa mdomo wake. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kabla hajanipa akaifunika kwa ncha ya kanga yake, akanyoosha mkono huku ameangalia pembeni.

"Mtatusamehe," akasema. "Ndiyo tunayokunywa."