Barafu ya Kesho

Ndinda hakuzaliwa kwa ajili ya jua la Nuu. Alizaliwa Kikima, kule juu Mbooni ambako asubuhi ukungu huingia mpaka jikoni na watoto huenda shule meno yakigongana. Mwangangi alipomwoa na kumteremsha huku kwetu, sisi wake wa majirani tulimpa miezi michache tu. Tulisema atarudi kwa mama yake. Hakurudi, ila alikuwa na lalamiko moja lisiloisha, nalo lilikuwa maji.

"Maji ya huku ni kama chai mtu amesahau," aliniambia siku moja, akinirudishia kikombe. Nilikasirika sana, maana maji hayo nilikuwa nimeyabeba mgongoni kutoka mtoni. Hivyo ndivyo tulivyoanza urafiki wetu, kwa kununiana.

Mumewe alikuwa mpishi katika kambi moja ya watalii upande wa Barabara ya Mombasa. Alikuwa mtu mpole, mwenye utani wa chinichini ambao huucheki mpaka umeshafika nyumbani. Kambi ilipoingiziwa stima, Mwangangi aliomba friji yao ya zamani, ile ya mafuta ya taa, akaileta Nuu juu ya lori la mbuzi. Ilikuwa nyeupe, nzito, na ilinuka mavi ya mbuzi kwa muda mrefu. Unawasha utambi huko chini, moto mdogo wa bluu, na huko juu maji yanaganda. Jaribu kumweleza mtu wa Nuu wa miaka ile ya sabini kwamba moto unazaa barafu! Wazee walikuja kuchungulia, wakatoka wakitikisa vichwa.

Friji ya namna hiyo haitaki kuinama. Ikiinama hata kidogo, inagoma. Kwa hiyo Mwangangi alimwaga saruji jikoni, kando ya ukuta wa nyuma, akaipima kwa pimamaji mpaka akaridhika. Kisha akamwita mkewe, akamwekea kipande cha barafu mkononi. "Hii ndiyo Kikima yako," akamwambia.

Hawakujaliwa mtoto. Watu walisema mengi, na aliyesema zaidi ni Musembi, ndugu mdogo wa Mwangangi. Mwangangi hakuwahi kusema neno. Kila alipokuja likizo alikata utambi, akasugua masizi kwenye bomba la friji, na jioni wawili hao walikaa mlangoni wakila barafu kama karanga. Nawaambia ukweli, niliwaonea wivu.

Likizo ya mwisho alikuja na homa. Siku hiyo Ndinda alikuwa anakimbilia maombi ya akina mama kanisani. Alipopita jikoni aliona moto wa friji umezimika kwa kukosa mafuta, akasema moyoni kwamba angejaza akirudi. Maombi yakawa marefu. Aliporudi mumewe alikuwa anawaka, midomo imepasuka, na alichotaka kilikuwa barafu tu. Ndinda alifungua friji, akakuta maji. Mwangangi aliyatazama yale maji, akamtazama na mkewe, akasema, "Basi itakuwa ya kesho." Jua lilipotua alikuwa ameshakata roho.

Sasa hayo yalikuwa maneno ya utani au ya kulaumu? Hilo ndilo lililomla Ndinda. Alinirudia nalo kisimani, shambani, hata katikati ya wimbo kanisani. Nilimwambia ni utani, mara ya kwanza kwa upole na mara zilizofuata kwa ukali, lakini mimi sikuwapo, naye alilijua hilo.

Kumzika kulikuwa kazi. Kiangazi kilikuwa kimekausha ardhi mpaka sururu zikawa zinarudi juu. Sehemu laini ilikuwa moja tu, nyuma ya jikoni, mahali ambapo Ndinda alikuwa akimwaga maji ya vyombo tangu aolewe. Vijana walichimba hapo, karibu na ukuta, wakamaliza wakaenda kula. Tangu hapo hakuna aliyepita nyuma ya ile nyumba. Sisi ni watu wa kanisa, aimu, mizimu ya wazee wetu, tulishawakana mbele ya mhubiri, lakini kukanyaga karibu na kaburi bichi ni jambo jingine. Tulizungukia mbele, tukawaambia watoto huko kuna nyoka.

Mvua za mwaka ule zilikuja kwa hasira. Zilipotulia, na matanga yakiwa yameshapita, Ndinda alijaza mafuta na kuwasha friji. Moto ukawaka vizuri, wa bluu, kama zamani. Barafu haikuja. Siku iliyofuata haikuja, wala juma lililofuata. Badala yake ilikuja sauti.

Alinijia mbio jioni moja, kitenge kimemvuka kiunoni. "Anaomba," akasema.

"Nani anaomba?"

"Mwangangi. Anaomba barafu na mimi sina."

Nilimkemea, kisha nikaenda naye ili nimwonyeshe ujinga wake. Tulisimama jikoni giza likianza kuingia. Kwanza palikuwa kimya. Halafu ndani ya friji, mgongoni mwake, ikatoka sauti ya koo. Glu. Ikanyamaza. Glu. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye homa anayemeza mate ambayo hana. Mimi siamini mambo ya aimu, nimesema hivyo mbele ya watu na nitasema tena. Lakini jioni ile ni Ndinda aliyenishika mkono kunitoa nje.

Akaanza kukonda. Chakula alikitazama tu. Musembi akaona nafasi yake imefika, akaja na maneno. "Hii kitu iko na aimu, shemeji. Tuitupe kwa korongo. Na wewe urudi kwenu upumzike. Hii boma mimi nitaangalia." Nilimpa jicho ambalo lingemkausha mtu mwenye aibu, lakini Musembi hakuwa na aibu.

Kilichoniumiza ni kwamba Ndinda alikubali. Alikuwa amefunga nguo zake kwenye shuka. "Kama amenikasirikia, Kalunde, nitakaaje kwa nyumba yake?" akaniuliza. "Ikigandisha nitajua amenisamehe. Ikikataa, mimi naenda." Nilimwomba asubiri, nikatuma mtu Mwingi akamwite fundi Muli.

Muli alikuwa mnene, mwenye mdomo usiofungwa, na alikuja akila muwa. Alizitengeneza friji za wamisionari wote wa pande zile, au ndivyo alivyosema. Aliuliza kama sakafu iko sawa, na Ndinda akaapa kwamba Mwangangi aliipima kwa mikono yake. Basi Muli akaanza na bomba. Akatoa masizi, akakata utambi upya, akawasha. Hakuna. Akasema dawa ya baridi imeganda ndani ya mabomba ya nyuma, lazima friji isimamishwe kichwa chini ili dawa ishuke. Tuliishika watu wazima wa kutosha, tukaipindua, ikashinda hivyo mpaka kesho yake, miguu juu, huku Musembi akicheka mlangoni. Tuliporudisha na kuwasha, sauti ikawa ileile. Glu.

Muli akaacha kuongea. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Alikaa akiitazama, kisha akaomba bakuli la maji. Aliliweka juu ya friji, akalijaza taratibu mpaka mdomoni, akaongeza kidogo. Maji yakamwagika upande mmoja tu, upande wa ukuta wa nyuma.

"Huko nyuma kunapitiwa wapi?" akauliza.

Alitutazama mmoja mmoja, akatoka mwenyewe. Aliporudi viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu.

"Mama, pole," akamwambia Ndinda, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kaburi imeshuka. Mvua iliingia, mchanga ikazama, sasa ukuta imepasuka huko nje na hii sakafu imefuata. Friji inalalia upande ya mzee. Ndio maana inakataa, na ndio maana inalia hivyo."

"Kwa hivyo ni yeye," akasema Ndinda.

"Hapana, mama. Ni mchanga."

"Mchanga ya nani?"

Muli akapangusa mikono kwenye suruali, akatoka kutafuta mawe bapa.

Aliyasukuma mawe chini ya miguu ya nyuma ya friji mpaka maji ya bakuli yakatulia sawasawa. Akawasha. Sauti haikuja tena. Kesho yake Ndinda alifungua mlango, na barafu ilikuwapo, nyeupe, imeshika trei mpaka ikabidi kuigonga. Nilitia kipande mdomoni, meno yakaniuma, nikalia kama mtoto. Musembi alikitazama chake kikiyeyuka kiganjani, akaenda zake bila kuaga. Mimi nilijua mambo yamekwisha.

Ndinda hakuonja. Aliichukua trei nzima akazunguka nyuma ya nyumba, mtu wa kwanza wa boma lile kukanyaga huko tangu siku ya mazishi. Nilimfuata mpaka kwenye kona, zaidi ya hapo sikuweza. Kaburi lilikuwa limebonyea katikati kama kitanda alichokilalia mtu. Akapiga magoti, akaipanga barafu pale kwenye bonde, kipande kando ya kipande.

"Ya kesho ndiyo hii," akasema.

Jua lilikuwa limeshachomoza vizuri. Barafu ilitoa jasho, ikapungua, ikawa unyevu, na udongo wa Nuu hauchelewi na maji. Hata doa halikubaki. Ndinda aliendelea kupiga magoti, kichwa ameinamisha upande kama mtu anayesikiliza mlangoni. Mwishowe akanigeukia.

"Amesema nini, Kalunde?"

Mimi, mwenye mdomo wote huu, nilimwita tu aje tunywe chai.

Alifungua shuka lake akarudisha nguo mahali pake. Nikashukuru, nikarudi kwenye kazi zangu. Halafu mtoto wangu akashikwa na homa, nikakimbilia kwa Ndinda kuomba barafu. Akaniletea kikombe cha maji ya uvuguvugu. Nilipita mpaka jikoni mwenyewe. Moto wa bluu ulikuwa unawaka chini ya friji, na mawe ya Muli yalikuwa yamepangwa vizuri kando ya mlango. Alikuwa ameyatoa moja moja, na friji ilikuwa imerudi kulalia ukuta wa nyuma.

"Ndinda, umeharibu mashine kwa mkono yako!" nikafoka. "Mtoto yangu anachomeka!"

"Pole," akasema, na alimaanisha. "Ilikuwa imenyamaza sana. Singeweza kulala." Kisha akainua kidole ninyamaze. Glu. Uso wake ukalegea kama wa msichana. "Si unasikia? Sasa anakunywa."

Mwanangu alipona kwa kitambaa cha maji, la sivyo nisingemsamehe. Ndinda alikaa hapo mpaka miaka ya tisini. Kila alipopata kitu alikigeuza mafuta ya taa ya kulisha moto usiogandisha chochote. Hakuyalalamikia tena maji yetu ya Nuu. Aliyanywa hivyohivyo, ya moto, akiwa amekaa jikoni na kikombe mkononi, na kabla ya kila funda alisubiri kwanza yule mwingine amalize kumeza.