Asukulu Kati ya Koleji na Bwali

Siku yangu ya kwanza ya kazi ku masomo ya misioni, kule Baraka, Padri Mukubwa alinipa sanduku ya chaki, akaniambia: "Moniteri, hapa kazi si kufundisha kusoma tu. Unitafutie batoto ba kwenda koleji." Moniteri alikuwa mwalimu mudogo, mwenye kumaliza masomo ya hapa hapa. Mi sikusoma sana. Pale nakosea, munisamehe.

Kuingia koleji, ndiyo sekondari, wakati wa Babelgiji haikuwa kuomba nafasi. Ilikuwa konkuru: batoto ba misioni zote banafanya mutihani siku moja, hesabu na imla ya Kifaransa, na nafasi iko kidogo. Kisha munganga anaangalia macho na meno, Padri anashuhudia tabia. Mwenye kukosa siku ile alikosa kabisa. Mwaka wa kufuata banasema amezeeka.

Balinihamisha Fizi, ku milima. Ndipo nilimupata Asukulu, mutoto wa darasa langu. Hesabu alimaliza kichwani, mi ningali natafuta chaki.

Juma ya konkuru, hakuonekana. Mujomba wake alimupeleka bwali, ndiyo kambi ya tohara, ndani ya pori. Padri wa Fizi alikuwa mukali, lakini nisimuseme vibaya: alinituma mimi, hakutuma askari. "Enda umulete. Asipofika, jina lake nafuta."

Nilisimama pale balifunga njia na makuti ya migazi, ndiyo michikichi. Nikaita. Mujomba akatoka, banaume nyuma yake.

"Moniteri, we balikutahiri wapi?"

"Ku dispanseri ya misioni, Mzee."

Bakacheka. "Kwa sindano! Basi simama hapo hapo, kama bamama."

"Mzee, mutihani ni kesho. Atakuwa karani, atabasaidia ninyi wote."

"Karani asiyekuwa mwanaume, nani atamusikia? Tena kidonda kingali kibichi."

"Padri atafuta jina lake."

"Afute. Huku tumemupa lingine."

Ndani batoto balikuwa banaimba. Sikutambua sauti yake. Nikarudi peke yangu, na konkuru ikapita.

Sasa niko pensheni, na bado sijui nani alikosa. Padri alishika sheria yake. Mujomba naye hakudanganya: asiyepita bwali hakupewa neno mbele ya bazee. Labda mwalimu mwenye akili kunipita angemutoa. Labda hapana.

Asukulu akawa muvuvi wa Swima, kando ya ziwa. Mwaka wangu wa mwisho ku kazi alikuja na kijana wake. "Moniteri, huyu umupeleke dispanseri, kabla ya bajomba bake kujua. Aende koleji."

Nikamupeleka, na kijana akapita konkuru. Siku ya safari nilimusindikiza ku pwani, akamuage baba yake. Asukulu alikuwa ameketi na bazee, banaongea mambo ya bwali. Kijana akasogea. Bote bakanyamaza.

"Simama hapo hapo, mwanangu," Asukulu akasema. "Nakuja."