Babu Alipofungua Mdomo

Mwaka ule nilikuwa kidato cha tatu. Kaka yangu alikuwa anapiga filamu yake ya kwanza, kwa kamera ya sinema aliyoazimwa na rafiki yake wa ng'ambo ya mpaka. Mimi nilikaa chumbani kwake, hapa Tunduma, nikihamisha picha kutoka kwenye kadi ya kamera kwenda kwenye kompyuta, kisha nazitengenezea nakala nyepesi, maana zile nzito zilikuwa zinaikwamisha kompyuta. Niliipenda kazi hiyo. Haikunitaka niongee na mtu.

Jumamosi walirekodi kwenye matanga kule Mbozi. Babu mmoja mkulima wa kahawa alikuwa anamuaga mkewe kaburini, kwa Kinyiha. Alishamwonya kaka: "Namuaga mara moja. Usije ukaniambia nirudie kama hao waigizaji wako."

Jumapili asubuhi, katikati ya kuhamisha, umeme ukakatika. Uliporudi nikaanza tena. Kompyuta ikaniuliza: faili hili lipo tayari, liandikwe upya au lirukwe? Jina nililiona pale kwenye orodha, nikadhani limeshaingia. Nikabonyeza lirukwe.

Kaka akachungulia mlangoni. "We bubu, zimeingia?"

"Zimeingia."

"Zote?"

Nikaitikia kwa kichwa. Sikuwa nimefungua hata moja. Akaifuta kadi, akamrudishia mwenye kamera.

Jumatatu nilipotoka shule nikakaa kutengeneza nakala. Picha za kamera ile hutoka zimepauka kama kanga iliyosahaulika juani. Rangi hurudishwa mwishoni kabisa. Basi babu akasimama katika weupe ule, akavua kofia, akafungua mdomo. Picha ikaganda. Nikairudisha nyuma mara nne. Mdomo wazi, basi.

Nilielewa palepale. Sikusema. Kaka akiuliza, najibu kompyuta nzito.

Jumatano nikashindwa. "Kaka, ile ya kaburini imeingia nusu. Umeme ulikatika, uliporudi nikairuka."

Aliifungua mwenyewe, akaitazama mpaka ilipoganda. "Umejua lini?"

"Juzi."

"Juzi kadi ilikuwa haijarekodiwa kitu kingine, mdogo wangu! Ningevuka mpaka nikamzuia mwenye kamera, tungetafuta fundi wa kuifufua picha iliyofutwa. Jana amerekodi harusi juu yake."

Sauti ilikuwepo, walikuwa wameirekodi kwenye kifaa cha pembeni. Aliiwasha. Tulimsikia babu akimwita mkewe, akanyamaza, akamwita tena. Kwenye kioo cha kompyuta mdomo wake ulikuwa vilevile.

"Sauti tunayo, uso hatuna," kaka alisema. "Jumamosi tunakwenda Mbozi. Utamwambia mwenyewe."

"Mimi?"

"Kwani aliyeiruka nani?"

Ijumaa nilipiga pasi sketi ya shule, ndiyo pekee ndefu niliyokuwa nayo. Halafu nikasimama mbele ya ukuta kujizoeza. Shikamoo babu. Picha yako niliipoteza mimi. Nilijaribu mara nyingi mno. Kila nikimaliza shikamoo, mdomo unabaki wazi, hakitoki kitu.